Kikohozi cha mtoto kinakuamsha, ngurumo haikuamshi

Swali: Daktari, nina mtoto wa miezi minane. Usiku akikohoa tu, hata akijigeuza, nimeshaamka. Juzi ilinyesha mvua ya ngurumo usiku kucha, nikaja kuambiwa asubuhi. Mume wangu ni kinyume: mtoto analia kando ya sikio lake, yeye anakoroma. Mchana nako nina shida nyingine. Nikikaa kwenye kompyuta nasoma aya moja mara tatu bila kuelewa, mlango ukigongwa kidogo nashtuka kama nimepigwa, na kila sauti inanivuta. Nimesoma kwamba haya yote yanaendeshwa na shina la ubongo. Mimi nilidhani umakini ni kazi ya akili. Nani hasa anaamua kipi kiingie na kipi kibaki nje? Na je, mume wangu kweli hasikii?

Jibu: Nianze na mumeo, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua mengine. Anasikia. Masikio hayana kope, dada, hayafungwi usiku. Kilio cha mtoto kinaingia sikioni mwake kama kinavyoingia mwako, kinageuzwa kuwa umeme ndani ya koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio chenye umbo la konokono, na umeme huo unapita kwenye neva hadi shina la ubongo. Kufikia hapo wewe na yeye hamjaachana. Mnaachana juu zaidi, pale habari inapopitishwa, inapopunguzwa, au inapotumiwa kumwamsha mtu mzima mzima.

Na habari hufika mbali kuliko aliyelala anavyojua. Mwaka 1960 watafiti wa Uingereza waliwawekea watu waliolala kanda yenye mfululizo mrefu wa majina. Kabla ya kulala kila mmoja alikuwa ameagizwa akunje ngumi akisikia jina lake. Wakiwa usingizini, majina mengi yalipita hivi hivi, lakini jina la mtu mwenyewe lilimfanya akunje ngumi mara nyingi zaidi, na mawimbi ya umeme wa ubongo wake yakaruka. Kutambua jina ni kazi ya gamba la ubongo, ile sehemu ya juu yenye mikunjo. Shina halijui majina, wala halijui kwamba una mtoto. Kwa hiyo kuna sehemu ya gamba inayoendelea kuonja kinachopita hata wakati wa usingizi, na ikikuta kitu kizito hutuma ujumbe chini, na shina ndilo linalowasha taa.

Hapo ndipo swali lako la umakini linapojibiwa. Gamba huchagua kitu gani kina maana. Shina huamua gamba lenyewe liwe macho kwa kiasi gani, na sauti za dunia ziingie kwa nguvu kiasi gani. Wewe unajilaumu kwamba akili yako imekuwa nzito, lakini kwa maelezo yako naona akili yako ni nzima, ila inafanya kazi juu ya shina lililochoka.

Shina lenyewe ni dogo. Linakaa chini ya ubongo, nyuma ya koo, urefu wake ni kama sentimita saba au nane tu, unene kama kidole gumba au zaidi kidogo. Juu kuna ubongo wa kati, katikati kuna uvimbe unaoitwa daraja, chini kuna medula inayoungana na uti wa mgongo. Pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kutapika vyote vinaendeshwa humo, na ndiyo maana watu wengi hulidharau na kuliita sehemu ya kizamani ya ubongo. Sikubaliani nao kabisa. Katikati ya shina, kutoka chini hadi juu, kumetandazwa seli za neva zilizosukana kama wavu, na huo wavu ndio kiini cha jibu langu.

Wa kwanza kuuona umuhimu wake hakuwa akiutafuta. Kuanzia mwaka 1916, mjini Vienna, daktari Constantin von Economo alianza kupokea wagonjwa wa ugonjwa wa ajabu wa ubongo. Wengi walilala siku na siku, ukiwaamsha wanajibu, ukiwaacha wanazama tena. Wachache walikuwa kinyume, hawakupata usingizi kabisa. Alipofungua vichwa vya waliokufa alikuta wale waliolala wameharibika pale ubongo wa kati unapokutana na sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, kipande kidogo kilicho juu tu ya shina, na waliokosa usingizi wameharibika mbele kidogo ya hapo. Kulala na kukesha vilikuwa na anwani zake.

Mwaka 1935 Frédéric Bremer wa Ubelgiji alikata shina la paka kwenye ubongo wa kati, na sehemu ya juu ikabaki na mawimbi ya usingizi. Alipokata chini kabisa, pale medula inapokutana na uti wa mgongo, kichwa kiliendelea kulala na kuamka kama kawaida. Bremer alieleza kwamba ubongo ulilala kwa sababu umenyimwa habari za milango ya fahamu. Ni maelezo yanayoingia akilini, nami ningeyaamini. Lakini mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun, wakiwa Chicago, walichoma umeme kidogo katikati ya wavu wa shina la paka aliyepewa nusukaputi nyepesi, na yale mawimbi makubwa ya polepole yakageuka papo hapo kuwa madogo ya haraka, kama ya mnyama aliye macho. Mwaka uliofuata Magoun na wenzake walimaliza ubishi. Walipokata njia za pembeni zinazopandisha habari za hisia, wakaacha wavu wa katikati, paka walibaki macho. Walipoharibu wavu na kuacha njia za hisia, habari ziliendelea kufika kwenye gamba, lakini paka hawakuamka.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, dada. Habari zilifika, lakini hapakuwa na mtu wa kuzipokea. Kupelekewa habari ni njia moja, kuamshwa ni njia nyingine.

Wodini naliona jambo hili kila mara. Mgonjwa asiye na fahamu ninamwita jina, ninabonyeza mfupa wa kifua, ninamulika tochi machoni. Akifungua macho, shina limeitika. Kama macho yatafuata kidole changu hilo ni swali lingine, na linahusu walio juu ya shina. Wapo wagonjwa wanaofungua macho asubuhi na kuyafumba usiku, wana zamu kamili ya kulala na kuamka, na bado hakuna dalili kwamba wanatambua lolote. Wapo pia walio kinyume chao. Kiharusi kikipiga upande wa mbele wa daraja, ambako zinapita njia zinazoamuru misuli, mtu anapooza mwili mzima na anabaki kuzungumza kwa kupepesa na kuinua macho, huku akili yake iko macho kabisa. Kiharusi kikipiga nyuma ya hapo, kwa umbali usiofika upana wa kidole, unapokaa wavu, anaweza kuzama kwenye koma.

Ndani ya wavu na pembeni yake kuna makundi madogo ya seli, kila kundi na kemikali yake. Serotonini hutoka kwenye mstari wa katikati, asetilikolini hutoka mpakani mwa daraja na ubongo wa kati, dopamini juu kidogo. Siku hizi tunajua pia kwamba hakuna kundi moja lenye ufunguo peke yake. Ukiharibu moja, mara nyingi mengine huziba pengo. Ila kuna moja nataka ulione kwa karibu, kwa sababu ndilo linalohusika na aya unayoisoma mara tatu.

Nikifundisha, huwa nakata daraja vipande vyembamba na kuwaambia wanafunzi watafute doa. Huchukua muda. Kisha mmoja anaona, karibu na ule mfereji wa maji ulio nyuma, alama ndogo yenye rangi ya wino uliofifia, moja kulia na moja kushoto. Kila upande lina urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Jina lake la Kilatini lina maana ya mahali pa buluu, nami naliita doa la buluu. Seli zake kwa binadamu ni makumi ya maelfu tu, katika ubongo wenye seli za neva mabilioni, lakini nyuzi zake zinafika karibu kila kona: kwenye gamba, kwenye talamasi (kituo cha kupitishia habari, nitakirudia), ubongo mdogo, hadi chini kwenye uti wa mgongo. Kote huko zinamwaga noradrenalini, kemikali yake ya kuamsha.

Tukizifuatilia seli hizo kwa wanyama, tunaona kwamba mnyama akiwa macho zinapiga taratibu, mara chache kwa sekunde. Akisinzia zinapungua, na zinaanza kupungua kabla mawimbi ya ubongo hayajabadilika. Kwenye usingizi wa ndoto zinanyamaza kabisa. Na akiwa macho, kikitokea kitu chenye maana kwake, zinapiga mkupuo mfupi wa pamoja, kisha zinatulia. Mkupuo huo unaipa ile habari iliyofika nguvu juu ya zile zinazoizunguka. Huo ndio umakini mzuri: msingi wa wastani, na mkupuo pale panapostahili. Msingi ukishuka sana, mtu anasinzia. Ukipanda sana, kama inavyotokea kwenye msongo wa mawazo, seli zinapiga muda wote, ile mikupuo inamezwa, na kila kitu kinaonekana kina haki sawa ya kusikilizwa. Mlango, simu, hatua za mtu kwenye korido.

Kuna dawa ya wodi ya wagonjwa mahututi, deksimedetomidini, inayotuliza hasa hilo doa. Mgonjwa analala. Ukimgusa bega na kumwita, anafungua macho, anakujibu, anakubana mkono ukimwambia, na ukinyamaza anarudi kulala. Kila nikiona hivyo naona ni jambo la kushangaza, kwamba ukigusa doa dogo namna ile unapata usingizi unaoitika.

Sasa tuje kwenye geti, yaani pale inapoamuliwa kipi kiingie na kipi kibaki nje. Karibu habari zote za hisia, isipokuwa harufu, hupita kwenye talamasi kabla ya kufika kwenye gamba. Talamasi iko juu ya shina na imefunikwa pembeni na ganda jembamba la seli ambazo kazi yake ni kuzuia. Ukiwa macho, kemikali za shina zinazifanya seli za talamasi zipitishe kila mapigo kama yalivyokuja, na zinalipunguza lile ganda makali. Shina likinyamaza, seli zilezile zinabadilisha mtindo, zinaanza kupiga kwa mafungu, pamoja, kama ngoma inayojipigia yenyewe, na habari ya nje inapotea ndani ya mdundo huo. Ngurumo yako iliishia hapo, au ilifika juu ikiwa dhaifu, na gamba likaona haina habari mpya. Ngurumo inayojirudia usiku kucha huzoeleka, kama feni. Kikohozi cha mtoto hakikuzoeleka kwa sababu miezi minane yote kimekuwa na matokeo: kila ulipokisikia, uliinuka.

Lakini uchujaji haungoji talamasi. Unaanza chini zaidi, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mlango ukigongwa ghafla, sauti inaingia kwenye daraja na kufika kwenye kundi la seli kubwa ambazo nyuzi zake zinashuka moja kwa moja hadi kwenye misuli ya shingo na mabega. Njia ni fupi mno kiasi kwamba unaruka kabla hujajua umesikia nini. Jaribu kufikiria sasa kwamba sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya mlango, kulitokea mlio mdogo, kama kitasa kikigeuka. Kushtuka kunapungua sana. Mlio mdogo haukukutahadharisha wewe, maana hapakuwa na muda wa kufikiri. Uliitahadharisha saketi ya ubongo wa kati, nayo ikazibana kidogo zile seli za daraja ili mlio wa kwanza umalize kushughulikiwa bila kuvurugwa. Breki hiyo inapimika, tunabandika vipande vidogo vya kupokea umeme wa misuli chini ya jicho na kupima kupepesa. Kwa watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo, mara nyingi ni dhaifu. Na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kwa watu wazima wenye afya njema, kukesha usiku mmoja tu kunaidhoofisha.

Kwa hiyo unaposema unashtuka kama umepigwa, mimi sioni woga wala udhaifu wa moyo. Naona breki ya ubongo wa kati kwa mtu ambaye hajalala usingizi wa mfululizo kwa miezi minane.

Shina hushusha amri hata hadi sikioni lenyewe. Linakaza msuli mdogo wa kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, sauti kubwa zinapoingia na hata unapozungumza wewe mwenyewe. Linatuma nyuzi zinazopunguza mwitikio wa koklea. Kwa maumivu linafanya vilevile: kuna njia inayoshuka kutoka ubongo wa kati kupitia medula hadi kwenye uti wa mgongo, inayoweza kuyazima maumivu mlangoni, au kuyaongeza. Ndiyo maana mchezaji anaweza kumaliza mechi na mguu uliovunjika kidole, kisha akaanza kulia kwenye benchi.

Rudi sasa kwenye meza yako. Unasoma, na kitu kinachokukalia kichwani ni adenosini, ambayo hujikusanya ubongoni kadiri unavyokaa macho na kuzituliza seli zinazoamsha. Shina linayumba. Dakika hii linashuka, geti la talamasi linajifunga kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, na mstari mmoja wa aya unapita bila kupokelewa. Dakika inayofuata unajilazimisha, msongo unapandisha noradrenalini, na sasa unasikia kila kitu isipokuwa unachosoma. Nia haiwezi kulishikilia hilo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanza na usingizi, na si usingizi wa jumla bali wa kipande kimoja kirefu. Saa tano zisizokatwa, hata mara chache kwa wiki, naamini zitakusaidia kuliko saa nane zilizokatwa vipande sita. Kahawa huziba pale adenosini inaposhika, lakini haiiondoi, na kwa mtu mzima nusu yake bado imo damuni baada ya saa tano hivi, kwa hiyo ya jioni inakula usingizi wa usiku. Kazi ya kusoma iweke saa zile unazojua uko macho vizuri, na ukiona mstari umekupotea mara mbili, simama utembee: mwili unaotembea hupandisha hali ya kukesha, na aya itakungoja. Pumua polepole ukihisi umekakamaa. Mwaka 2017 ilionekana kwa panya kwamba kuna seli chache katika kituo cha pumzi cha medula zinazopeleka taarifa kwenye doa la buluu, na zilipoondolewa panya wakawa watulivu sana. Kwa binadamu sitasema zaidi ya kwamba njia ya kutoka pumzi hadi utulivu ina mahali pa kupita.

Yapo mambo ambayo hayasubiri. Ukisinzia ukiwa unaendesha gari, acha kuendesha kwanza. Ukiwa huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala na kuna mtu wa kumwangalia, au moyo umekuwa mzito kwa wiki mbili, mwone daktari, maana sonona baada ya kujifungua hujionyesha hivyo, na tezi ya shingo nayo huweza kuyumba kipindi hiki. Mtu anayeishiwa nguvu ghafla magotini akicheka naye anahitaji uchunguzi wa usingizi.

Na mumeo anayekoroma, msikilize usiku mmoja. Kama mkoromo unakatika, kimya, kisha anavuta pumzi kwa kishindo, huyo pumzi yake inaziba, na naye anapaswa kupimwa. Kama ni mkoromo wa kawaida, basi hajifanyi. Kilio hicho kwake hakijapewa uzito kwa sababu kila mara kinapotokea wewe umeshainuka, na ubongo wake umejifunza kwamba hakimhusu. Majaribio ya usingizi yameonyesha kwamba mtu akiagizwa kabla ya kulala kuwa sauti fulani ni jukumu lake, huitika zaidi. Kwa hiyo mpe zamu ya kweli. Chagueni usiku, wewe lala chumba kingine, mlango umefungwa, na umwambie waziwazi kabla hajafumba macho kwamba leo mtoto ni wake. Usiku wa kwanza mtoto atalia kidogo zaidi ya ulivyozoea kumwacha. Vumilia usiinuke.